Maji Yaliyolala Chini ya Kituo cha Mafuta

Kituo cha mafuta, ambacho Watanzania wengi hukiita sheli hata pale kisipokuwa na uhusiano wowote na kampuni yenye jina hilo, huonekana kwa mpita njia kuwa ni paa, pampu na mhudumu aliyeshika mpira wa kujazia, ilhali sehemu yake kubwa imezikwa ardhini. Chini ya sakafu ya zege hulala matangi, kila moja likiwa na uwezo wa kubeba maelfu ya lita, na kutoka kwenye matangi hayo hutambaa mabomba yanayopeleka petroli na dizeli hadi kwenye pampu. Tangi la chuma lisilokingwa huliwa na kutu, maungio ya mabomba hulegea, na wakati wa kushusha shehena mafuta huweza kufurika pale lori linapomimina zaidi ya nafasi iliyobaki. Uvujaji wa namna hii ni nadra kuja kwa kishindo. Ungio linalodondosha tone moja kwa kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku, na kwa mwaka mzima zaidi ya lita 1,500, kiasi ambacho, katika kituo kinachouza maelfu ya lita kila siku, huweza kujificha ndani ya tofauti ndogo za vipimo bila mwenye kituo kushtuka.

Jambo linaloeleza karibu ugumu wote wa kusafisha maji yaliyoharibiwa hivyo ni kwamba petroli haiendi kwenye maji moja kwa moja. Kwanza hupita kwenye udongo, na udongo huishika. Ardhi iliyo chini ya kituo ni mkusanyiko wa chembe za mchanga, tope na mfinyanzi zilizoachiana nafasi ndogondogo, ambazo karibu na uso wa nchi hujaa hewa na unyevu, na kuanzia kina fulani hujaa maji matupu. Mpaka baina ya sehemu hizo mbili huitwa usawa wa maji ya ardhini, na maji yaliyo chini yake, yakiwa ndani ya mchanga au mwamba unaoyaruhusu kupita, ndiyo tabaka la maji linalolisha visima. Petroli inaposhuka huacha nyuma yake sehemu iliyonata kwenye chembe na kunaswa katika nafasi hizo, sehemu nyingine hugeuka mvuke unaoenea ndani ya udongo, na iliyosalia, ikiwa ni nyingi vya kutosha, hufika kwenye usawa wa maji na kutandaa juu yake, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Sehemu hii ya mwisho, ambayo bado ni mafuta yanayoweza kutiririka na kuvutwa kwa pampu, wataalamu huitofautisha na nyingine kwa kuiita mafuta huru.

Kama usawa wa maji ungetulia mahali pamoja, kazi ingekuwa nyepesi, lakini haufanyi hivyo. Masika hupanda, kiangazi hushuka, na penye visima vingi vinavyovutwa kwa nguvu huweza kushuka mita nyingi kisha kupanda tena visima hivyo vinapofungwa. Mafuta yanayoelea hupanda na kushuka pamoja na maji, yakipaka udongo kila yanapopita, na maji yanapopanda tena hufunika matone yaliyokwisha kunaswa. Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo mtu asingelitarajia kwa kitu kinachoelea, yaani kukuta petroli mita kadhaa chini ya uso wa maji, imefungiwa ndani ya mchanga, ikiwa haina uwezo wa kupanda wala wa kushuka.

Kutoka kwenye mafuta hayo yaliyonaswa, maji yanayopita taratibu huchukua kidogokidogo yale yanayoweza kuyeyuka. Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, na nyingi kati ya hizo hazipendani na maji; lakini kundi la kemikali nne, yaani benzini, toluini, ethilibenzini na zaileni, huyeyuka kwa kiasi cha kuleta madhara. Benzini ndiyo inayohofiwa zaidi, kwa sababu imethibitishwa kusababisha saratani ya damu kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzini katika lita moja ya maji ya kunywa, na Marekani imekaza zaidi hadi mikrogramu 5, mikrogramu ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukubwa wa maana ya tarakimu hizi huonekana kwa hesabu fupi: lita moja ya petroli ambayo asilimia 1 yake ni benzini ina gramu zipatazo 8.8 za kemikali hiyo, na kiasi hicho kinatosha kufikisha takriban lita 880,000 za maji kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambayo ni sawa na malori 88 ya maji yenye ujazo wa lita 10,000 kila moja.

Pua haitoshi kumlinda mtumiaji wa kisima. Benzini ikiwa peke yake ndani ya maji huanza kunukia ikiwa imepita kikomo cha usalama mara mamia, hivyo mtu anayengoja harufu ndipo aache kunywa huenda amekunywa kwa muda mrefu. Klorini haiondoi mafuta. Kuchemsha, ambako ni kinga nzuri dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, hapa hakufai kutegemewa, kwa kuwa sehemu ya benzini hutoka sufuriani na kuwa mvuke ndani ya jiko analopumulia mpishi. Kisima kinachoshukiwa hufungwa kwanza, ndipo maswali mengine yafuate.

Nchini Marekani, ambako sheria ya shirikisho juu ya matangi ya ardhini ilipitishwa mwaka 1984, uvujaji zaidi ya nusu milioni umekwisha kuthibitishwa tangu wakati huo, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ujuzi wa kusafisha imepatikana huko. Mfano mmoja unaostahili kuangaliwa kwa karibu ni kituo cha kujazia mafuta kilichokuwa ndani ya eneo la Lawrence Livermore National Laboratory, maabara ya serikali iliyopo California. Kati ya mwaka 1952 na 1979 matangi ya kituo hicho yalivujisha petroli inayokadiriwa kufikia galoni 17,000, yaani lita zipatazo 64,000. Maji ya ardhini yalikuwa kwenye kina cha mita 30 hivi, na kwa kuwa mashamba ya jirani yaliacha kuyavuta kwa wingi kama zamani, usawa wake ulipanda na kuifunika petroli iliyokuwa imekwisha kushika kwenye mchanga na mfinyanzi. Mafuta yakawa yamefungiwa chini ya maji, mahali ambapo pampu haiyafikii na upepo hauyafikii.

Kabla ya kusafisha lazima ijulikane mafuta yako wapi, na njia ya kujua ni kuchimba visima vya uchunguzi, ambavyo ni vyembamba, mara nyingi vya upana wa sentimita 5 hadi 10, vilivyowekewa bomba la plastiki lenye mipasuko myembamba kwenye kina cha maji. Mtaalamu huteremsha kwa kamba mrija wa plastiki angavu wenye gololi chini yake. Maji yanapoingia gololi huinuka, na mrija unapovutwa gololi hukaa na kuziba. Mrija ukipandishwa juu na kushikwa wima dhidi ya mwanga, maji huonekana chini, na juu yake, kama kisima kimefikia mafuta huru, hukaa tabaka lenye rangi ya asali au chai nyepesi, limetenganishwa na maji kwa mstari ulionyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Unene wa tabaka hilo hupimwa na kuandikwa. Hata hivyo, si vyema kulichukulia kuwa ndicho kipimo cha mafuta yaliyo ardhini, kwa kuwa kisima ni shimo tupu na mafuta hukusanyika humo kuliko yalivyo ndani ya mchanga wa pembeni, na makadirio mengi ya haraka yamepotoka kwa sababu hii.

Sampuli za maji yenyewe huchukuliwa kwa uangalifu ambao mtu asiyeijua kazi hiyo angeudhani ni ushirikina. Chupa ya kioo yenye ujazo wa mililita 40, iliyotiwa tindikali kidogo ili bakteria wasiendelee kula kemikali njiani, hujazwa polepole hadi maji yafanye kichuguu kwenye mdomo wake, kisha hufunikwa na kupinduliwa juu chini, na mchukuaji huigonga kwa kidole akitazama kama kuna povu la hewa linalopanda. Povu likionekana, sampuli hiyo hutupwa, kwa sababu benzini hugeuka mvuke kwa urahisi na sehemu yake ingehamia kwenye povu hilo, na maabara ingesoma tarakimu ndogo kuliko ukweli. Chupa zilizokubalika huwekwa kwenye barafu na kupelekwa haraka. Uamuzi wa kufungua au kutofungua visima vya mtaa mzima huweza kutegemea uaminifu wa mtu aliyekuwa peke yake na chupa hizo.

Majibu ya visima vingi yakiunganishwa kwenye ramani huonyesha umbo refu linaloanzia kwenye tangi na kulala kuelekea upande maji yanakokwenda, likiwa kali karibu na chanzo na kufifia mbele. Umbo hilo linaweza kuitwa mkia wa uchafu, na jina hilo linafaa, kwa kuwa mkia hauna uhai wake wenyewe. Hulishwa na mwili, na mwili huo ni mafuta yaliyonaswa kwenye udongo.

Hatua ya kwanza ya kusafisha haina mjadala. Tangi hutolewa mafuta na kuchimbuliwa, bomba linalovuja hukatwa, na udongo ulioloa ambao tingatinga linaweza kuufikia huondolewa. Mafuta huru yanayoelea huvutwa kwa pampu maalumu zinazochota juu bila kuchanganya na maji. Katika hatua hii hatari ya haraka ni moto kuliko sumu, kwa kuwa mvuke wa petroli ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa unaweza kulipuka kwa cheche ndogo, nao husafiri ndani ya udongo, mitaro na mapito ya nyaya hadi kwenye vyumba vya chini vya majengo ya jirani.

Baada ya hapo huja swali la maji, na jibu ambalo akili hulikimbilia kwanza ni kuyavuta yote, kuyasafisha juu na kuyarudisha. Njia hiyo, ya kuvuta na kutibu, ilitegemewa kwa miaka mingi, na matokeo yake ya mwanzo hutia moyo mno. Kiasi cha benzini kwenye visima hushuka mwezi baada ya mwezi, mchoro kwenye karatasi huinama vizuri, na baadaye huacha kushuka. Mitambo ikizimwa na visima vikaachwa miezi kadhaa, kiasi hicho hupanda tena, wakati mwingine karibu na kilipokuwa. Mtu yeyote aliyewahi kutaka kuteka maji ya kunywa kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya taa analijua jambo hili kwa mikono yake. Dumu husuuzwa mara tatu, maji ya mwisho hutoka meupe na karibu hayana harufu, mwenye dumu huridhika na kulijaza. Asubuhi yake, kifuniko kikifunguliwa, harufu imerudi, kwa sababu mafuta yalikuwa yamejipenyeza kwenye plastiki yenyewe na yalihitaji usiku mmoja tu wa kutoka. Udongo, hasa mfinyanzi, hufanya hivyo kwa kipimo kikubwa zaidi na kwa miaka badala ya usiku. Kuvuta maji kuna kazi yake, nayo ni kuuzuia mkia usifike kwenye visima vya watu, na kwa kazi hiyo kunastahili kusifiwa. Lakini kukitumiwa kama njia ya kumaliza uchafu, huwa ni kufua mkia na kuuacha mwili.

Kwa hiyo mbinu zilizofanikiwa zaidi ni zile zilizoufuata mwili huo, na chombo chake kikuu, pengine kinyume cha matarajio, ni hewa. Petroli imetengenezwa ili igeuke mvuke kwa urahisi ndani ya injini, na tabia hiyo hiyo huifanya iweze kutolewa ardhini: visima huchimbwa hadi juu kidogo ya usawa wa maji, mashine ya kufyonza huvuta hewa kupitia udongo, na hewa hiyo hutoka na mvuke wa petroli ambao huchomwa au kupitishwa kwenye vichujio. Pale mafuta yalipo chini ya maji, hewa hupulizwa kutoka chini ili mapovu yapande kupitia mchanga yakibeba benzini, na mashine ya kufyonza iliyo juu huyapokea. Njia hizi hufanya kazi vizuri kwenye mchanga na vibaya kwenye mfinyanzi, ambako hewa hupita kwenye nyufa chache na kuacha sehemu kubwa bila kuguswa. Dizeli nayo, ikiwa nzito na isiyopenda kugeuka mvuke, haitoki kwa njia hii kwa wepesi wa petroli.

Livermore ilikuwa na mfinyanzi, maji yaliyopanda, na petroli iliyozikwa, na kwa kuvuta na kutibu kazi ingechukua miongo. Wataalamu wa maabara hiyo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, waliamua kuipika ardhi. Mvuke wa maji ulisukumwa kwa shinikizo kupitia visima vilivyozunguka eneo, ukaingia kwenye matabaka ya mchanga na changarawe na kuyapasha hadi kiwango cha maji kuchemka, huku petroli iliyogeuka mvuke ikisukumwa kuelekea visima vya katikati na kuvutwa nje. Matabaka ya mfinyanzi, ambayo mvuke haupenyi, yalipitishiwa umeme, kwa kuwa mfinyanzi wenye unyevu hupitisha umeme vizuri na hupata joto kutoka ndani yake. Mwendo wa joto chini ya ardhi ulifuatiliwa kwa kupima jinsi umeme unavyopita baina ya visima, hivi kwamba wataalamu waliweza kuona ni sehemu gani imepikika na ipi bado baridi, kama mpishi anavyochoma kisu katikati ya mkate. Kwa kazi ya takriban mwaka mmoja, iliyofikia kilele mwaka 1993, petroli zaidi ya galoni 7,600, yaani lita karibu 29,000, ilitolewa, na mwaka 1996 wasimamizi wa mazingira walikubali kwamba eneo hilo halihitaji tena kusafishwa zaidi.

Katika ardhi hiyo iliyochemshwa, wataalamu waliopima udongo walikuta bakteria wa aina zinazostahimili joto wakiwa hai na wakiendelea kula mabaki ya petroli. Jambo hilo linagusa upande wa pili wa elimu hii, yaani kwamba mafuta, yakiwa yametokana na viumbe vya kale, ni chakula kwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na karibu kila udongo wa dunia una aina fulani ya bakteria wenye uwezo wa kuyavunja hadi yakawa maji na hewa ya kaboni. Kinachowakwamisha ni pumzi. Gramu moja ya benzini huhitaji gramu 3 hivi za oksijeni ili iliwe yote, ilhali lita moja ya maji hubeba miligramu 8 hadi 10 tu za oksijeni hata ikiwa imeshiba. Kwa hesabu hiyo, gramu moja ya benzini hula oksijeni ya zaidi ya lita 300 za maji. Karibu na tangi lililovuja, oksijeni huisha upesi sana, na bakteria wengine huchukua zamu kwa kutumia naitreti, chuma kilichomo kwenye chembe za udongo, salfeti, na mwishowe kuzalisha methani, kila zamu ikiwa polepole kuliko iliyotangulia. Ndiyo maana kupuliza hewa ardhini hufanya kazi mbili kwa pamoja, kutoa mvuke na kuwapa bakteria pumzi, na kazi hii ya pili mara nyingi ndiyo inayodumu.

Mahali palipochunguzwa kwa muda mrefu kuliko pengine popote kuhusu jambo hili ni karibu na mji wa Bemidji, katika jimbo la Minnesota, ambako tarehe 20 Agosti 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka na kumwaga zaidi ya lita milioni 1.6. Sehemu kubwa ilikusanywa, lakini lita zipatazo 400,000 zilibaki ardhini, na tangu mwaka 1983 wanasayansi wa idara ya jiolojia ya Marekani wamepageuza mahali hapo kuwa maabara ya wazi. Uchunguzi wao umeonyesha jinsi bakteria wanavyouzuia mkia wa uchafu usisafiri mbali kama maji yenyewe yanavyosafiri, na umeonyesha vilevile kwamba mwili wa mafuta haujaisha baada ya miongo minne. Mambo yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na anayetaja la kwanza peke yake huwa anatetea uvivu.

Mwaka 1995 wataalamu wa Livermore walipitia kumbukumbu za uvujaji mwingi wa California na kueleza kwamba mikia mingi ya benzini huacha kurefuka mapema, mara nyingi kabla ya kufika mita 100 kutoka kwenye chanzo. Maelezo hayo yalikuwa na msingi, na yaliokoa fedha zilizokuwa zikitupwa kwenye pampu zisizo na faida. Lakini mwaka huo huo, katika mji wa Santa Monica wa jimbo hilo hilo, visima vya eneo la Charnock vilikutwa na MTBE, kemikali iliyokuwa ikiongezwa kwenye petroli ili iungue vizuri na kupunguza moshi mjini. MTBE huyeyuka kwenye maji kwa wepesi mara nyingi kuliko benzini, haishikwi na udongo, na bakteria wengi hawaipendi, hivyo haikutii kanuni iliyokuwa imeandikwa kwa benzini. Kufikia mwaka 1996 visima hivyo vilikuwa vimefungwa, mji ukawa umepoteza takriban nusu ya maji yake na kulazimika kununua maji yanayotoka mbali. Baada ya kesi na mapatano na makampuni ya mafuta, ujenzi wa mitambo ulikamilika na maji ya Charnock yakarudi kutumika mwishoni mwa mwaka 2010, yaani miaka kumi na minne baada ya kufungwa. California ilikuwa imekwisha kuiondoa MTBE kwenye petroli yake kufikia mwisho wa mwaka 2003.

Kichujio kilichotumika Charnock ni mkaa ulioamilishwa, ambao ni mkaa uliopikwa kwa joto kali na mvuke hadi ukawa na vitundu vidogo mno visivyohesabika, vinavyonasa kemikali maji yanapopita. Kwa MTBE, ambayo ni ngumu kunasa, mkaa wa vifuu vya nazi hupendelewa, kwa sababu vitundu vyake ni vyembamba kuliko vya mkaa wa mawe. Mtu wa Pwani anayevitupa vifuu jalalani au kuvichomea pasi anashika mkononi malighafi ya chombo ambacho miji tajiri hukitegemea kurejesha maji yake.

Katika Afrika Mashariki mambo haya yana uzito wake wa pekee. Mwezi Mei 2015, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, mafuta yaliyotoka kwenye bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kutumika mwaka 1978, yaliingia kwenye udongo na maji ya bonde la mto Thange, na wakulima waliokuwa wakinywa, kunywesha mifugo na kumwagilia kutoka mto huo wakajikuta wakiishi juu ya uchafu usioonekana. Dar es Salaam imejaa visima vya watu binafsi vilivyochimbwa uani kwenye mchanga wa pwani, ambao huipitisha petroli kwa urahisi, na vituo vya mafuta huota kandokando ya barabara zile zile ambazo nyumba hizo zimejipanga. Unguja hutegemea maji ya ardhini kwa sehemu kubwa ya matumizi yake, na humo maji hupita kwenye mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, ambamo mwendo wake hauko taratibu kama kwenye mchanga na mkia wa uchafu unaweza kukimbia upande usiotarajiwa. Kanuni ya mita 100 haifai kusomwa kwenye ardhi ya namna hiyo. Kisima kimoja cha uchunguzi kati ya tangi jipya na visima vya majirani, kikichimbwa siku ile ile zege la kituo linapomwagwa na kupimwa kila mwaka, gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kituo chenyewe, na ni jambo la kusikitisha kwamba mara nyingi huchimbwa baada ya maji kunuka.

Kumalizika kwa kazi ya kusafisha hakutangazwi siku mitambo inapozimwa. Visima vya uchunguzi huendelea kupimwa, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, kupitia masika na kiangazi, ili usawa wa maji upate kupanda na kushuka juu ya udongo ule ule na kuonyesha kama kuna kilichobaki cha kutoa. Tarakimu zikipanda, mashine huwashwa tena. Zikikaa chini ya kikomo, misimu yote, wasimamizi hutoa barua ya kufunga faili, na wachimbaji hurudi na mchanganyiko wa saruji na udongo wa bentonaiti, ambao ni mfinyanzi unaovimba ukiloa, wakaumimina kwenye kila kisima kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa kisima kilichoachwa wazi ni njia iliyonyooka ya kupeleka uchafu wa kesho hadi kwenye maji. Mdomo wa bomba hukatwa, shimo husawazishwa na sakafu, na mahali pake hubaki duara dogo la saruji mpya.